Huduma ya miguu kwa wenye kisukari Mwanza na visiwani: nimezunguka na mama, maoni yangu haya hapa

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aijue mapema. Huduma ya miguu kwa wenye sukari huku kwetu Kanda ya Ziwa naipa nyota mbili na nusu kwa tano, na hizo mbili na nusu karibu zote ni za manesi wanaofunga vidonda. Kabla ya kidonda hakuna huduma. Yani hakuna. Kidonda kikishatokea ndo unaanza kuonekana, na wengi wanaonekana kikiwa kimeshafika pabaya.

Mama yangu ana sukari muda mrefu sasa, tunaishi upande wa Buswelu na biashara yake ilikuwa dagaa pale Mwaloni Kirumba, kwa hiyo kliniki, zahanati, maduka ya dawa, wodi, mafundi viatu, vyote nimevipitia nikiwa nimemshikia daftari lake. Majina ya vituo sitaji, sina nia ya kumharibia mtu kazi, na kiukweli ninayoyakuta kituo kimoja nayakuta na kingine.

Nianze na siku ya kliniki. Mnafika kabla hakujapambazuka vizuri, watu hawajatia kitu mdomoni, benchi limejaa mpaka wengine wamekaa kwenye ngazi, mgonjwa anapimwa uzito, anapimwa presha, anachomwa kidole, namba inaandikwa kwenye daftari, baadae daktari anaangalia ile namba anaongeza dawa au anapunguza, vidonge vya sukari vya metformin vile vile, mnaenda dirisha la dawa mnarudi nyumbani. Daktari mwenyewe hana baya, anaongea na wazee kwa adabu, shikamoo mama unaendeleaje, lakini nje ya mlango kuna foleni na kila mtu anapata dakika zake chache tu. Sasa kliniki zote hizo hakuna aliyewahi kumwambia mama vua viatu nione. Miguu inaingia na viatu inatoka na viatu. Nikawa nawauliza akina mama wengine pale kwenye benchi, mmoja katokea Misungwi mwingine Magu, jibu lao ni hilo hilo, wanaangaliwa damu na presha basi.

Na hiki ndo kinachoniuma maana kipimo chenyewe hakitaki mashine wala umeme. Kuna kauzi ka nailoni kamechomekwa kwenye kishikio, kanaitwa monofilamenti, kametengenezwa kajipinde pale msukumo ukifika gramu 10, mgonjwa anafumba macho unamgusa chini ya kidole gumba na kwenye unyayo pale vidole vinapoanzia, anasema nasikia au sisikii. Asiposikia maana yake mishipa ya fahamu imeshaanza kufa kwa sukari ya miaka mingi na huyo ndo mtu atakayekanyaga msumari asijue. Unaongeza kupapasa juu ya mguu kama mapigo ya damu yapo, unaangalia katikati ya vidole, unaangalia sugu, umemaliza. Dakika mbili tatu. Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari, wa kundi la wataalamu la IWGDF toleo la 2023, umeshapanga hadi ratiba: ambaye hana ganzi na damu inafika vizuri aangaliwe mara moja kwa mwaka, mwenye ganzi au damu isiyofika vizuri kila miezi 6 hadi 12, mwenye mawili kati ya ganzi, damu kutofika na mguu kubadilika umbo kila miezi 3 hadi 6, na aliyewahi kuwa na kidonda au kukatwa kiungo kila mwezi 1 hadi 3. Mama kwa kidonda alichopata alitakiwa awe kwenye kundi la mwisho. Kwenye daftari lake hakuna mstari hata mmoja unaosema kitu kuhusu miguu.

Hata kauzi kasipokuwepo kuna njia ya kidole tu ambayo ilianzia hospitali ya Ipswich kule Uingereza, na hii nawaomba muifanye leo leo nyumbani. Mtu alale au akae anyooshe miguu, afumbe macho, wewe mguse taratibu sana kwa ncha ya kidole chako kwa sekunde moja au mbili: ncha ya kidole gumba, ya kidole cha katikati na ya kile cha mwisho kabisa, miguu yote miwili, jumla sehemu sita. Usibonyeze, usipapase, usimwambie nakugusa. Sehemu mbili au zaidi asiposikia, mpeleke hospitali na useme kabisa mzazi wangu hasikii miguuni, usingoje waulize. Mi nilimfanyia mama sebuleni akawa anajibu vizuri mguu wa kushoto, kuja wa kulia kimya, ananiuliza mbona hujaanza.

Watu wa huku inabidi tujue kwamba mazingira yetu ni magumu kwa mguu wenye ganzi kuliko ya mtu anayekaa ofisini na soksi zake. Mwaloni chini kuna maji, kuna miiba ya sato na sangara, kuna mbao za mitumbwi zenye misumari, na kwenye mchanga wa kuanikia dagaa kule Igombe na Kayenze saa saba mchana joto lake mwenye miguu mizima anarukaruka, mwenye ganzi anatembea tu anaungua malengelenge. Ukienda Magu, Kwimba, Misungwi watu wako kwenye majaruba ya mpunga peku toka asubuhi. Kuna sehemu funza bado wapo. Na nyumbani nako kuna panya. Msishangae, daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliripoti kitambo wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, mtu hasikii kitu, asubuhi ndo anakuta kidonda. Tangu niijue hiyo mama analala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro na miguuni namfuta mafuta ya samaki kama ameshinda jikoni.

Huyo huyo Abbas alikuwa kwenye mradi ulioitwa Step by Step, ulianza Tanzania na India miaka ya mwanzo ya 2000, wanachukua daktari na nesi wa kituo kimoja wanawafundisha pamoja kuangalia miguu na kutibu vidonda mapema, warudi kazini kwao waanze. Kwa hiyo ujuzi hatuuagizi nje, upo ndani ya nchi hii zaidi ya miaka ishirini. Ndo maana nakuwa mkali kwenye nyota.

Sasa nije kwenye nyota zenyewe nilizotoa. Kuna zahanati moja ndogo, haina hata uzio wa maana, mama alifungwa kidonda pale na sijaona mkono mzuri kama wa yule sista. Kwanza anamsalimia, mwangaluka mayu, anamkalisha, anaweka mguu juu ya stuli, ananawa, anavaa gluvu, anatoa bandeji ya zamani kwa kuilowesha na saline, yale maji ya chumvi ya hospitali, ili isinyofoe nyama mpya. Alaf alifanya kitu ambacho kwingine hawakufanya: alikata sugu lote lililozunguka kidonda na ile nyama iliyokufa mpaka akafika kwenye nyama nyekundu. Mimi nikaogopa, akaniambia mwanangu hili sugu usipolitoa linagandamiza kidonda kwa ndani, juu utaona kimefunga kumbe chini kunaoza. Akachukua kijiti kisafi cha chuma akapima kina, akasema hakijagusa mfupa, kingegusa mfupa nisingekaa nae hapa ningewaandikia rufaa. Hakumwagia spiriti. Hakumwagia haidrojeni peroksaidi. Akafunga gozi kavu safi akaandika tarehe juu ya plasta. Huyu sista nampa tano zake zote na ningemtaja jina kama angeniruhusu.

Tofautisha na kituo kingine tulichoenda wikiendi sababu zahanati ilikuwa imefungwa. Pale walifungua kapsuli za rangi mbili wakamwaga unga juu ya kidonda wakafunga kibichi kibichi. Jamani ule unga hautibu, unaganda unafanya tope, unaziba, na mwenye kuangalia kesho hawezi kuona rangi ya kidonda. Antibayotiki kama inahitajika inamezwa au inapita kwenye mshipa, na inaamuliwa na mtu aliyeona dalili za maambukizi, wekundu unaosambaa, joto, uvimbe, usaha, harufu. Kidonda kisicho na maambukizi hakiponi haraka kwa antibayotiki.

Shida mbili za zahanati hata ile nzuri. Moja, vifaa, gozi na bandeji mara nyingi unanunua mwenyewe duka la dawa, gluvu hivyo hivyo, na ukipiga hesabu ya kufunga siku moja ndiyo siku moja hapana kwa wiki kadhaa mtu wa kipato cha dagaa anaanza kuruka siku. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilisaidia sana kumuona mtoa huduma, nawashauri mkate bima iliyopo, ila haikuwekei gozi kabatini kama gozi halipo. Pili, na hii kwangu ndo kubwa, hakuna anayezungumzia kupunguza uzito kwenye kidonda. Kidonda cha unyayo kiko pale kwa sababu ya kugandamizwa, sasa unakifunga vizuri kabisa alaf mgonjwa anakikanyaga kutoka zahanati mpaka kituo cha daladala, anasimama ndani ya daladala mpaka Buswelu, anakikanyaga tena mpaka nyumbani. Hakiwezi kupona. Wagonjwa wanaambiwa vidonda vya kisukari haviponi, si kweli, vingi vinapona ukiacha kuvikanyaga, damu ikiwa inafika na sukari ikishuka. Kwenye nchi za wenzetu wanafunga plasta gumu maalum linalosambaza uzito unyayo mzima na kuhamishia sehemu yake kwenye muundi, na kidonda kinapona ndani yake. Kwa Mwanza nimefikiria hilo plasta nikaangalia milima yetu, mtu anakaa Bugarika au Igogo juu kabisa kwenye mawe, kupanda kwake ni kushika jiwe hili kuegemea lile, na plasta la kilo kadhaa anaanguka. Mama alipewa magongo na sponji nene iliyokatwa tundu pale kwenye kidonda ikabandikwa unyayoni, ikafanya kazi kwa sababu kwetu ni tambarare na kwa sababu nilimhamishia kila kitu chumba kimoja. Huyo wa Bugarika anahitaji kuhamia kwa ndugu wa chini mpaka kipone, na hilo ni jambo la kikao cha familia kabisa, daktari hawezi kulimaliza peke yake.

Nisiruke na hili la kukanyaga. Huku kwetu mguu ukivimba ghafla watu wanasema amekanyaga, ametegewa kitu njiani, na mgonjwa anapelekwa kwa mganga wiki nzima, anachanjwa, anapakwa dawa, anafungwa majani. Simdharau mtu imani yake, mama mwenyewe shangazi zangu walitaka kumpeleka. Nilichowaambia shangazi ni hiki, mguu wa mwenye sukari ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzie hata kama hauna kidonda wala maumivu, inawezekana ni mifupa ya mguu inavunjikavunjika kwa ndani sababu mishipa ya fahamu imekufa, madaktari wanaita Charcot, na dawa yake ya kwanza ni kuacha kabisa kuukanyaga na kupiga eksirei, ukichelewa unyayo unapinda unakuwa kama sehemu ya chini ya mtumbwi na vidonda vinafuata. Na chale kwenye mguu wenye ganzi ni mlango mpya wa vijidudu. Shangazi mkubwa alielewa, mdogo bado.

Kwenye rufaa sitakaa sana maana huko nimeona kazi kubwa na watu waliochoka. Madaktari wa upasuaji hawana lawama ya kwanza, wanapokea mguu umeshaoza. Hospitali ya Bugando ambayo inahudumia kanda nzima toka 1971 iliwahi kuchapisha takwimu zake: ripoti ya 2011 ilifuatilia wagonjwa 136 wenye vidonda vya mguu wa kisukari na katika upasuaji waliofanyiwa, kukata kiungo ndo kulikuwa kwingi kuliko kote. Ripoti nyingine ya 2012 ya watu waliokatwa miguu na mikono pale ikaonyesha sababu namba moja ni mguu wa kisukari, kama asilimia 42, imezidi hata ajali. Zimepita bodaboda ngapi toka wakati huo lakini sukari nayo imeongezeka. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na ukitembea mtaani kwako leo unajua mwenyewe.

Wanaochelewa wengi wana sababu. Mtu wa kisiwa cha Ukara avuke aje Nansio kule Ukerewe, apande meli mpaka Mwanza mjini, atafute pa kulala, na msindikizaji nae ale, kwa kidonda ambacho hakimuumi. Hapo pa kutouma ndo penye mtego wote. Mwenye jino linalouma atauza kuku aje, mwenye kidonda kisichouma anasema kitapona chenyewe. Tangu daraja la Kigongo Busisi lifunguliwe Juni 2025 wa Sengerema na Geita angalau hawasubiri kivuko, na nimekutana wodini na baba mmoja wa Sengerema aliyeletwa usiku ule ule homa ilipopanda, wakamkata vidole viwili tu mguu ukabaki. Watu wa visiwani kwao bado ni ratiba ya meli. Kwa hawa nesi wa zahanati ya kisiwani akipewa kauzi, kisu cha kukatia sugu, gozi za kutosha na simu ya kumtumia daktari picha, atazuia mengi kuliko kitanda kipya mjini, na hivyo vyote vinaenea kwenye begi moja la mgongoni.

Kwa wenzangu Waislamu, udhu ni nafasi nzuri sana ya kuangalia miguu mara tano kwa siku, ila kaushe katikati ya vidole kwa kitambaa, unyevu unaleta fangasi na ngozi inapasuka. Na Ijumaa mchana sakafu ya nje ya msikiti inawaka, mpelekeni mzee na soksi. Maji ya moto ya kukanda miguu acheni kabisa, mwenye ganzi hajui kama yanaunguza. Nyembe kwenye sugu hapana, zile dawa za majimaji za kuondoa sugu zinazouzwa mitaani hapana, zinakula na ngozi nzima.

Mwisho viatu, na hapa nina mengi maana nimezunguka soko la Mlango Mmoja mpaka wauzaji wananijua. Kandambili ndo adui, ule mkanda wa katikati ya vidole ndo ulimtoboa mama mara ya kwanza. Yeboyebo zina nafasi na hazina misumari ila jasho halitoki na mchanga unaingia kwenye matundu, ukizitumia zikung'ute kila saa. Katambuga soli yake ya tairi hakuna msumari unaopita, ningezipenda, shida ni vimisumari vya ndani vinavyoshika mikanda, vikichomoza mgonjwa hasikii, na mikanda ni migumu inakwaruza. Raba za mtumba zenye soli nene na kamba zinafaa kuliko viatu vipya vya plastiki vya bei hiyo hiyo, mradi utoe soli ya ndani iliyokwisha kuchukua umbo la mguu wa mwenye nacho wa kwanza, uweke mpya.

Viatu maalum vya sukari sijapata duka linaloviuza hapa mjini, wataalamu wa kutengeneza vifaa hivyo wanafundishwa Moshi pale TATCOT, chuo cha toka 1981, lakini ukitaka kiatu kesho asubuhi Mwanza unarudi kwa fundi wa mtaani. Na fundi wa mtaani anaweza, hakuna tu aliyemwambia. Wa kwetu nilimpelekea maelezo haya akashona kwa bei ambayo haifiki ya raba mpya. Mchore mgonjwa miguu yote miwili kwenye karatasi akiwa amesimama, jioni, maana jioni mguu umevimba kidogo na wa kulia na wa kushoto havilingani. Kiatu kwa ndani kizidi mguu kwa sentimita 1 hadi 2, mbele kiwe kipana na kirefu kwenda juu vidole visigandamizwe. Soli ya chini ngumu ya tairi, juu yake sponji nyeusi ile nene ya malapa, juu kabisa ngozi laini. Msumari hata mmoja usitumike, gundi na uzi tu. Mshono wa ndani usiwepo pale kidole gumba kinapogusa. Kufunga kuwe na mkanda mpana wa kunata unaolegezwa uvimbe ukija. Siku za mwanzo avae saa moja tu, avue, uangalie wekundu, kesho aongeze. Na kila anapovaa aingize mkono kwanza apapase ndani, mama mara ya kwanza kufanya hivyo alitoa kijiwe na kifuniko cha soda.

Rangi nilimwachia mwenyewe achague, kachagua nyeusi yenye mkanda mwekundu, na sa hivi anavaa mpaka jikoni.